SHULE YA BURE KWA MASKINI, SHULE YA KWELI KWA WENYE MALI



Kuna maneno mawili ambayo wakubwa wetu wanapenda sana kuyatamka pamoja: shule na bure. Tangu Septemba 2019, Leta ilipotangaza kwamba shule ya msingi hailipwi tena, tumeyasikia redioni, kanisani, sokoni na katika kila mkutano wa siasa. Sisi si watu wa kukana jambo jema. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kuandika kwamba shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure, na maneno hayo yalilala usingizi miaka 13 kabla mtu hajayaamsha. Watoto waliokuwa wakitembeza maji na ndizi njiani walivaa shati nyeupe na nguo ya buluu, wakaingia kalasini. Ni mzazi gani asiyefurahi? Lakini twauliza: waliingia kalasi ya namna gani? Na watoto wa wale waliotangaza, wanasoma wapi?

Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika majina, siku za kazi na malipo. Kila mwezi vijana wanapita mbele ya meza yangu. Mmoja anatia dole gumba, mwingine anaandika jina lake polepole, herufi moja moja, jasho likimtoka kuliko alivyokuwa shimoni. Huwa nauliza: shule uliiachia wapi? Kalasi ya tano. Kalasi ya sita. Mwaka wa kwanza wa sekondari. Kwa nini? Minervali. Sijasikia bado hata mmoja akisema kwamba aliacha kwa sababu kichwa kilikataa.

Nami nawasadiki, kwa maana nimesoma pande zote mbili za mto.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa Lubunga, ng'ambo ya kushoto, huku linakoanzia gari la moshi la Ubundu. Tulikuwa wengi kuliko mabenchi. Aliyechelewa alikaa juu ya tofali. Mwenye akili alikuja na kiti chake kichwani na kurudi nacho jioni. Mwalimu wetu alikuwa halipwi na Leta. Mwanzo wa miaka ya 1990, utawala wa Mobutu ulipoacha kulipa walimu, wazazi walikubali kutoa kitu kidogo ili mwalimu asife njaa. Waliambiwa ni kwa muda tu. Ile primu ya muda tu ilidumu zaidi ya miaka 25! Na mwalimu yule asiyelipwa alitufundisha sehemu za hesabu kwa kukata kwanga: nusu, robo, nusu ya robo. Kisha tulikula somo lote, na hakuna aliyelisahau.

Mwaka 1999 mjomba wangu, aliyekuwa akinunua almasi mjini, alipata bahati, akanipeleka katika shule ya wenye mali huko Makiso. Wenzangu walishuka garini, mimi nilishuka kwenye toleka. Madirisha yalikuwa na vioo, ukutani kulikuwa na ramani, kila mtoto na kitabu chake, taa zikiwaka kwa umeme wa maporomoko ya Tshopo. Aliyesema Kiswahili au Lingala uwanjani alivikwa kipande cha mbao shingoni mpaka amkamate mwenzake akisema vivyo hivyo. Siku ya somo la sehemu za hesabu, mwalimu alichora duara safi ubaoni, na nusu ya kalasi haikuelewa. Mimi niliona kwanga tu, nikajibu. Ndipo nilipojua kwamba hatukupungukiwa akili kule Lubunga. Kifaransa kilinishinda, naam. Vitabu sikuwa nimeviona. Lakini kichwa kilikuwa ni kile kile.

Jambo jingine nililoliona, na hili halisemwi: namna ya kumfukuza mtoto. Lubunga, direkta alikuja na orodha yake mwanzo wa mwezi, akasoma majina, nusu ya kalasi ikatoka pamoja, tukaenda zetu mtoni kuvua samaki. Ilikuwa njaa ya wengi, haikuwa aibu ya mtu. Katika shule ya wenye mali uliitwa peke yako, ukapewa bahasha iliyofungwa, ukavuka uwanja mzima wenzako wakikutazama.

Bahasha yangu ilikuja upesi. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mji wetu, wageni wawili wakigombania nyumba isiyo yao na almasi zisizo zao. Raia wengi walikufa. Duka la mjomba likawa majivu. Almasi ilinipeleka Makiso, na vita vya almasi vikanirudisha ng'ambo. Nilikuta kalasi yetu ya zamani imepungua. Wengine walikuwa wamekwenda kuchimba. Baadaye mapadri walinipokea katika sekondari yao kwa nusu ya malipo. Nusu nyingine niliilipa kwa jembe katika shamba lao. Hivyo nikawa karani. Wenzangu wenye vichwa kama changu wako shimoni.

Sasa, msidhani kwamba shule mbili ni bahati mbaya iliyotuangukia kama mvua. Ni kazi ya mikono ya watu! Wabelgiji waliiandika wazi katika mpango wao wa 1948: baada ya miaka miwili ya kwanza, wachache waliteuliwa kwa shule ya kuelekea sekondari, na wengi wakaachiwa shule ya kawaida ya kuwarudisha shambani. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao mbali kabisa. Kule Katanga, kampuni ilijenga shule njema kwa watoto wa wafanyakazi wake, na Gécamines ikaendeleza desturi hiyo. Lakini ile ilikuwa shule ya mwenye nambari ya kazi. Mwaka 2003, karibu wafanyakazi 10,000 walipoachishwa kazi huko kwa mara moja, ilionekana wazi kwamba mtoto alikuwa anasoma kwa neema ya kampuni, wala si kwa haki yake. Zamani ngozi ndiyo iliyochagua shule. Leo mfuko ndio unaochagua.

Na hii shule ya bure, imeuvunja ukuta huo? Tazameni wenyewe. Kalasi zilijaa watoto mara mbili, mabenchi yakabaki yale yale. Primu ikaondolewa, na walimu waliokuwa wakiitegemea wakapata pungufu kuliko jana. Wengine majina yao hayajaingia kwenye listi ya malipo ya Leta, nao wanafundisha bure kweli kweli. Labda hiyo ndiyo bure iliyokusudiwa. Wenye mali walipoona watoto wao wanabanana na watoto wa wauza ndizi, waliwahamisha kwenda shule za watu binafsi zinazolipwa kwa dola. Zaidi ya hayo, ubure ulikomea mlangoni mwa sekondari. Mtoto analelewa miaka sita, anafaulu mtihani, halafu anaulizwa: baba yako ana nini?

Watatuambia Leta haina feza. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa elimu ya inchi hii. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa iliwafunga wakubwa wawili wa elimu kwa kutafuna feza za walimu. Basi feza ipo. Ina miguu tu.

Wengine, hata katika sisi wafanyakazi, wanasema: Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta katika mji huu, alipita shule za Waprotestanti na za Wakatoliki, diploma ya sekondari hakuwa nayo, na alifika alikofika. Ndugu, huo ni uvivu wa kufikiri. Mtu mmoja akivuka mto kwa kuogelea, je, tuchome mitumbwi? Wangapi wenye kichwa kama chake walibaki wanazibua mifereji ya Stanleyville?

Sisi wa migodi tuna haki ya kusema zaidi ya wengine, kwa sababu ya sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Tukate kwanga. Katika ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini inayouza, nusu inakwenda Kinshasa, robo inakwenda jimboni, asilimia 15 ni ya komini, sekta au usultani ambao mgodi umo ndani yake, na asilimia 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau sehemu tatu katika elfu ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mmeonyeshwa hesabu hiyo? Mimi ni karani, naandika tarakimu kutwa, na hiyo sijaiona imebandikwa popote.

Basi twataka nini? Twataka sekondari ya bure, na walimu wote waingie kwenye listi na walipwe kila mwezi. Twataka kila anayeshika kazi ya Leta, kuanzia gavana mpaka mkubwa wa komini, apeleke mtoto wake kwenye shule ya Leta ya mtaa wake. Tutaona mabenchi yatafika baada ya siku ngapi. Na kila kamati ya wazazi iende ofisini pamoja na wafanyakazi, isiende na mtu mmoja anayeweza kutishwa, iombe karatasi ya ile asilimia 15: iliingia kiasi gani, tarehe gani, ikanunua nini. Wakisema karatasi haipo, waandike kwamba haipo, watie sahihi na muhuri, nasi tutaisoma mbele ya watu wote pale bichi ya Lubunga.