Liyongo ni programu huria, mbona hatumchori?

Leo naweka kazi ya msimbo kando, ingawa mkinivumilia mtaona tunarudi huko huko.

Jumamosi nilikwenda Kongowea kutafuta viatu vya mtumba. Kwenye rundo la vitabu vikuukuu nikaokota toleo moja la The Savage Sword of Conan, lile jarida la katuni za rangi nyeusi na nyeupe ambalo Marvel walilitoa kuanzia 1974 hadi 1995. Jalada limechanika, bei shilingi 50. Nilipofika nyumbani Nyali, mpwa wangu wa sekondari alilinyakua kabla sijakaa. Alipolimaliza nikamwuliza: na Liyongo je, wamjua?

"Namjua, mjomba. Si yule wa kwenye mtihani?"

Jibu hilo limenikera wiki nzima. Si kosa lake. Shuleni alifundishwa kuorodhesha sifa za shujaa, akaziorodhesha, akapata alama zake, basi. Lakini Conan alimsoma kwa hiari yake, huku chai ikipoa.

Kwa wasiomjua, Conan alibuniwa na Robert E. Howard wa Texas, na hadithi yake ya kwanza ilitoka 1932 katika jarida la Weird Tales. Ni hadithi za panga na uchawi. Howard alifariki 1936. Mwaka 1970 mwandishi Roy Thomas na mchoraji Barry Windsor-Smith wakamwingiza Conan kwenye katuni za Marvel, na vijana ambao hawakuwahi kuligusa lile jarida la zamani wakamjua.

Toleo lao la 4, la 1971, linatokana na hadithi ya Howard ya 1933, The Tower of the Elephant. Conan anapanda mnara kuiba johari la mchawi. Juu anakuta kiumbe mwenye kichwa cha tembo, amepofushwa na kuteswa miaka mingi na mchawi huyo. Mwizi yule mwenye misuli anasimama pale, anaona huruma na aibu. Kwangu mimi hapo ndipo hadithi ilipo. Upanga ni mapambo tu.

Sasa mtazame Liyongo wetu. Mfalme wa Pate anamwogopa, anataka afe. Wanapanga kula makoma kwa zamu, kila mtu apande mti siku yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Yeye hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini. Wanamfunga gerezani. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi kila siku wanakula kizuri na kumwachia kibaya. Basi mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanaudharau, wanamtupia mwenyewe. Sisi wa kompyuta tunajua mbinu hiyo: ukuta hukuuvunja, umetumia tabia ya mlinzi. Kisha Liyongo anaomba achezewe gungu kwa mara ya mwisho, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Hawezi kufa ila kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anamwambia mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Mtoto anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anakata roho akiwa vile vile. Mji mzima unakosa maji kwa siku kadhaa, maana hakuna anayethubutu kumkaribia maiti.

Niambieni kama kuna ukurasa wa katuni bora kuliko huo.

Ninachotaka kusema ni hiki: kuigeuza hadithi iwe katuni ni kama kuhamisha programu kwenda mashine nyingine. Ukinakili mstari kwa mstari, itakwama. Thomas mwenyewe alipenda kujaza maneno juu ya picha, na mara nyingine maneno yanaeleza kile ambacho jicho limeshakiona. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipoandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, vina na mizani vilibeba kazi. Kwenye katuni kazi ile ile ibebwe na ukimya. Kisima, ndoo tupu, watu kwa mbali. Neno la nini hapo?

Na tusimvike Liyongo nguo za Conan. Kofia ya pembe ya nini? Mchoraji anazo nyumba za mawe ya matumbawe, anayo siwa ya pembe ya ndovu iliyo kwenye Makumbusho ya Lamu, anayo magofu ya Shanga aliyoyachimbua Mark Horton miaka ya 1980.

Kuna wanaosema katuni ni mambo ya kigeni. Si kweli. Gado alichora Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka 1996, akachapishwa na Sasa Sema wa Nairobi. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki 2012, alituchorea Akokhan, hadithi ya uganga na nguvu za Kiafrika. Njia ilishafyekwa, sisi ndio tumeiacha iote nyasi.

Halafu kuna suala la umiliki. Jina la Conan ni alama ya biashara. Katuni zake zimetoka Marvel zikaenda Dark Horse mwaka 2003, zikarudi Marvel 2019, na tangu 2023 ziko Titan. Kila hatua ni leseni. Liyongo hana mwenyewe. Edward Steere alichapisha kisa chake London mwaka 1870, na mapokeo yenyewe ni ya kale kuliko kitabu hicho. Hiyo ndiyo programu huria: chukua, badilisha, sambaza. Kasoro moja tu, programu huria isiyoguswa na mtu hufa kimya kimya, hata kama msimbo wake ni mzuri.

Kwa hiyo nimeanza. Sijui kuchora, lakini naweza kugawa kisa katika kurasa na kutengeneza ukurasa wa kusomeka kwenye simu ya bei ya chini. Mpwa wangu ameshachora picha ya kwanza: kijana amesimama na sindano, baba amelala. Mkono umetoka mkubwa kuliko kichwa. Kisha akaniuliza kitu ambacho mtihani haukumwuliza:

"Mjomba, kwa nini alimwambia?"

Wachoraji wa Pwani, nawasubiri. Alamsiki.