Kabla ya kubadili gari, hesabu siku lilizolala gereji

MFANYABIASHARA wa mazao anayefikiria kubadili gari lake huanza kwa kuulizia bei ya hilo analolitaka. Huzunguka yadi, huongea na madalali, hutazama picha kwenye simu hadi usiku. Ni nadra kumkuta aliyeanza kwa kujiuliza hili alilonalo limemla kiasi gani tangu mwaka uanze.

Gari tunalolizungumzia hapa si la matembezi. Ni Canter inayobeba matenga ya nyanya, pikapu inayopeleka mbolea shamba na kurudi na mahindi, au kirikuu inayosambaza soda mitaani. Gari la namna hiyo ni chombo cha kazi kama ilivyo mashine ya kukoboa, na swali la lini liuzwe linajibiwa kwa hesabu ya kazi.

Wajapani, ambao ndio waliotumia mengi ya magari haya kabla yetu, wana kitu kinachowasukuma kuamua. Gari dogo la abiria likitimiza miaka mitatu tangu linunuliwe jipya lazima lipite ukaguzi wa serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo huambatana na kodi, bima na matengenezo, na gharama yake si ndogo. Mwenye gari akiona tarehe inakaribia, wengi huona bora waliuze. Ndiyo sababu moja ya magari mazima kufika bandari ya Dar es Salaam.

Hapa kwetu hakuna tarehe inayomlazimisha mtu kukaa chini na kupiga hesabu. Kulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo ilimsumbua hata aliyeegesha, lakini mwaka 2017 serikali iliifuta na badala yake ikaongeza Sh40 katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari bovu linaweza kukaa chini ya mwembe miaka mitatu bila kudaiwa ada hiyo. Mwenyewe huendelea kusema "nitalitengeneza", huku matairi yakikauka na mafundi wakiazima vifaa vyake kimoja kimoja.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni uchakavu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huyapunguzia magari madogo, pamoja na malori ya chini ya tani saba, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa hesabu hiyo gari la Sh20 milioni baada ya miaka mitatu limebaki chini ya Sh5 milioni kwenye vitabu. Sokoni si hivyo. Toyota au Canter iliyotunzwa hushuka bei taratibu sana, kwa kuwa spea zipo kila mji na kuingiza jingine kuna ushuru mzito, ikiwamo nyongeza ya uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa hiyo anayeharakisha kuuza kwa hofu kwamba "gari linashuka bei" mara nyingi anaogopa kisichomuumiza. Kinachomuumiza kiko kwingine.

Tuchukue mfano wa mwenye Canter pale Ilula, mkoani Iringa, anayekusanya nyanya na kuzipeleka Dar es Salaam. Tuseme leo gari lake linauzika kwa Sh18 milioni, na mwakani litauzika kwa Sh16 milioni. Hapo amepoteza Sh2 milioni. Matengenezo ni wastani wa Sh300,000 kwa mwezi, yaani Sh3.6 milioni kwa mwaka. Hizi mbili anazijua.

Asiyoijua ni ya tatu. Gari linalala gereji siku nne kwa mwezi, na siku moja ya kazi humwachia Sh80,000 akishatoa mafuta, dereva na utingo. Kwa mwaka ni Sh3.84 milioni, kubwa kuliko fedha yote aliyompa fundi. Jumla ya kulibakiza gari hilo ni Sh9.44 milioni kwa mwaka. Na hapo hatujaweka siku ambayo litakufa kwenye mlima Kitonga likiwa na mzigo, kwa sababu nyanya haisubiri spea itoke mjini.

Sasa aweke upande wa pili. Canter nyingine iliyo bora anaipata kwa Sh32 milioni, hivyo anakopa Sh14 milioni. Riba tuikadirie Sh2.5 milioni kwa mwaka wa kwanza, na bima kubwa ambayo mkopeshaji ataitaka Sh1.2 milioni. Gari litashuka bei kwa Sh3 milioni, litatengenezwa kwa Sh1 milioni, na litalala siku moja kwa mwezi, ambayo ni Sh960,000. Jumla Sh8.66 milioni.

Tofauti haifiki hata Sh800,000. Mtu yuleyule, gari lilelile, kama lingekuwa linalala siku mbili tu kwa mwezi badala ya nne, kulibakiza kungemgharimu Sh7.52 milioni na mkopo ungekuwa hasara. Tarakimu zako zitakuwa nyingine, lakini utakuta kinachogeuza hesabu ni siku za kulala, na hizo ndizo hakuna anayeziandika. Daftari la mia tano linatosha: tarehe, kilichoharibika, fedha iliyotoka, siku zilizopotea. Ukiwa na kumbukumbu za msimu mmoja mzima hutahitaji ushauri wa dalali.

Tuseme pia wazi kwamba mwenye gari linalokosa mzigo hana sababu ya kulibadili. Gari jipya halileti mzigo, na rejesho la mkopo halijui kwamba mvua zilichelewa.

Akishaamua kuuza, wakati una maana yake. Nyanda za juu kusini wanunuzi huwa na fedha baada ya mahindi kuuzwa. Mtwara na Lindi ni baada ya minada ya korosho, ambayo huanza Oktoba. Mwishoni mwa msimu kazi ya gari lako imepungua na mwenzako ana fedha mkononi. Anayeuza Februari kwa ajili ya ada za shule anauza kwa bei ya mnunuzi. Na liuzwe likiwa linatembea, kwani likishakufa injini wanaokuja ni wauza spea. Kupiga rangi kabla ya kuuza hakurudishi fedha yake. Mnunuzi wa Kitanzania huuliza kwanza ni namba C, D au E, ingawa herufi hiyo huonyesha lini gari lilisajiliwa nchini na si lini lilitengenezwa.

Yadi nyingi siku hizi hupokea gari la zamani na wewe ukaongeza fedha. Ni njia ya haraka, na haraka hiyo unailipia. Uliza kwanza bei ya gari wanalouza kwa fedha taslimu, bila kutaja kwamba una lako. Ukishaipata, ndipo uulize watakudai nyongeza kiasi gani wakilichukua la kwako. Toa ya pili kwenye ya kwanza, hiyo ndiyo bei halisi waliyokupa. Ikiwa chini mno kuliko ya mtaani, uza mwenyewe.

Mwisho ni karatasi. Wengi huandikiana mkataba kwa wakili, wakapeana kadi na kuagana. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na likigonga mtu polisi wataanza kumtafuta aliyeandikwa kwenye kadi. Nendeni TRA pamoja na mnunuzi mkabadilishe umiliki. Kama analipa kwa awamu, kadi ibaki kwako hadi shilingi ya mwisho, na bima iwe hai muda wote huo.