Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Hamilikiwi

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba anayemtunza mchezaji huwa mmiliki wake. Mpaka huo kati ya kutunza na kumiliki ndio ninaotaka tuutafakari leo, kwa mfano wa Li Na, mchezaji tenisi wa China aliyestaafu Septemba 2014 akiwa na umri wa miaka 32.

Li Na alizaliwa Wuhan mwaka 1982. Alianza na mpira wa vinyoya, kisha, angali mtoto mdogo, akahamishiwa kwenye tenisi. Dola ndiyo iliyompa uwanja, walimu na safari za mashindano. Kwa malezi hayo, dola ilijitwalia pia karibu kila uamuzi: nani awe kocha wake, acheze wapi, acheze lini. Takribani asilimia 65 ya mapato yake ilikwenda kwa mamlaka za michezo.

Mwaka 2002 aliiacha timu ya taifa, akaenda kusomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Huazhong. Alirejea uwanjani mwaka 2004. Baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2008, ambako alifika nusu fainali, yeye na wenzake wachache waliruhusiwa kujitegemea. Wangechagua makocha wao, wangepanga ratiba zao na kubeba gharama zao, kisha wangetoa asilimia 8 hadi 12 tu ya mapato. Wachina waliuita mpango huo “kuruka peke yako”.

Juni 2011, jijini Paris, Li Na alimshinda Francesca Schiavone wa Italia, akawa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makuu manne ya tenisi. Januari 2014 alitwaa taji la Australia, na mwezi uliofuata akashika nafasi ya pili duniani. Alistaafu akiwa amejipatia zaidi ya dola milioni 16 za zawadi za mashindano peke yake.

Wapo watakaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba serikali ijiondoe kabisa katika kulea vipaji. Sikubaliani nao. Tenisi ni mchezo ghali, na pasipo uwanja wa umma huenda dunia isingelisikia kamwe jina la Li Na. Wapo pia watakaosema kwamba aliyelelewa na taifa hana haki ya kulitaka taifa limpishe. Nao sikubaliani nao. Deni lisilo na kiwango wala mwisho halistahili kuitwa deni. Ni utumwa uliovishwa joho la uzalendo.

Baada ya ushindi wa Australia, viongozi wa mkoa wa Hubei walimkabidhi Li Na yuan 800,000 mbele ya wapiga picha. Picha zilimwonyesha akiwa hana tabasamu. Baadhi ya Wachina walimlaumu kwa kukosa shukrani. Wengine wakahoji kwa nini fedha za walipa kodi apewe mtu ambaye tayari ni tajiri. Mimi naona swali la pili ndilo la kiraia zaidi. Fedha zile zingeweza kununulia raketi watoto wengi wa Wuhan, lakini watoto wasiojulikana hawampambi kiongozi kwenye picha.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnaoandika mikataba ya ufadhili na masharti ya mafunzo, hapo ndipo penye somo. Umma una haki ya kudai sehemu ya matunda ya mti ulioumwagilia. Basi sehemu hiyo itajwe mapema kwa tarakimu, iwekewe muda, na itumike kuwalea wanaofuata. Yaliyobaki, yaani kocha, ratiba, njia ya maisha na hata tabasamu, ni ya mwenyewe. Nanyi wanafunzi mnaosomeshwa kwa kodi za wananchi, lipeni deni lenu kwa uaminifu. Ila mtu akija kudai kwamba deni hilo linajumuisha pia dhamiri zenu, mwombeni awaonyeshe ni kifungu gani cha mkataba kinachosema hivyo.