Saratani ya Ini: Kisu Kije Mwisho

Mwezi Novemba 2021 mpasuaji Ali Aminian na wenzake wa hospitali ya Cleveland Clinic, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi ambao waganga wengi duniani wameuzungumza. Walifuatilia watu 1,158 wenye unene wa kupindukia, ambao maini yao yalikuwa yamejaa mafuta na kuanza kuharibika. Kati yao 650 walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na 508 hawakufanyiwa. Kwa makadirio ya miaka 10, waliopatwa na madhara makubwa ya ini, kama vile ini kusinyaa, saratani au kifo kitokanacho na ini, walikuwa 2.3 katika kila 100 upande wa waliopasuliwa, na 9.6 upande wa pili.

Hiyo ni tofauti kubwa, wala hatuna sababu ya kuibeza. Upasuaji huo haugusi saratani yenyewe. Mpasuaji hulipunguza tumbo la chakula, na pengine huunganisha upya utumbo, hata mtu akashiba upesi. Fauka ya hayo, homoni zitokazo utumboni hubadilika, sukari ikashuka, na ini likaanza kupungukiwa na mafuta. Lakini msomaji mwenye insafu atatazama ukurasa wa pili wa daftari. Wagonjwa wanne kati ya wale 650 walifariki ndani ya mwaka wa kwanza kwa matatizo ya upasuaji. Tena makundi hayo mawili hayakugawanywa kwa kura. Waliopasuliwa walikwisha chaguliwa na kukubali, na wachunguzi walirudi nyuma kusoma mafaili yao. Dk. Aminian na wenzake hawakuficha hayo.

Habari kama hii ina wasikilizaji wengi Visiwani, na si ajabu. Zamani mtu akinenepa tulikuwa tukisema amenawiri, na mke aliyekonda ilikuwa aibu ya mumewe. Leo katika mitaa ya Mji karibu kila nyumba ina mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, na ini lenye mafuta ni ndugu wa maradhi hayo. Huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imeanza katika miaka ya karibuni kuwawekea watu puto tumboni ili wapunguze uzito. Kwa hiyo hatusemi kwamba jambo la Ohio ni la Ohio peke yake.

Tunalosema ni kwamba saratani ya ini inayowaua Watanzania wengi haikuanzia kwenye mafuta. Anayetaka kuliona hilo na atazame Bariadi. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza Bariadi inamhusu nini. Jibu la kwanza ni kwamba mahindi na karanga tunazokula Visiwani kwa sehemu kubwa huvuka bahari kutoka Bara, na kilichomo ndani ya gunia hakikaguliwi kwa macho. Jibu la pili ni kwamba kirusi tutakachokitaja hapa chini hakijui Bara wala Visiwani.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Ni mkoa wa pamba, wa mifugo, wa mahindi na mtama, wa michembe na matobolwa yanayoliwa kwa karanga. Aghalabu mkulima wa huko ni mtu wa jua na jembe, mkavu wa mwili. Ukimwambia kwamba dawa ya ini lake ni kupunguzwa tumbo, atakuona mzaha. Hata hivyo naye anakufa kwa ini.

Kisababishi cha kwanza ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Mwaka 1981 Palmer Beasley na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan, watumishi wa serikali, kama walivyo wengi wa wasomaji wa safu hii. Katika 41 waliokufa kwa saratani ya ini, 40 walikuwa wakibeba kirusi hicho. Tangu hapo mjadala ulikwisha. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga, na baada ya miaka michache saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Ndiyo kusema binadamu alipata chanjo ya kuzuia saratani tangu miaka zaidi ya 40 iliyopita.

Tanzania iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Tunawapongeza waliofanya kazi hiyo. Lakini tufanye hesabu. Mtu aliyezaliwa Maswa au Meatu mwaka 1985 hakuchanjwa utotoni, na leo amefikia umri wa miaka 40. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tisa za Afrika na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, ukiacha Misri, nusu ya wagonjwa wa saratani ya ini walikuwa na umri wa chini ya miaka 46 au karibu yake, na nusu yao hawakuishi zaidi ya miezi miwili na nusu tangu ugonjwa kutambuliwa. Huyo ni baba mwenye watoto shuleni. Ni nguvukazi ya Taifa iliyo katikati ya safari.

Kadhalika chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humkuta mtoto ambaye huenda amekwisha ambukizwa na mama yake saa ile ya kuzaliwa. Na hapo ndipo penye hatari kubwa, maana katika watoto 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, tisa hubaki na kirusi maisha yao yote, ilhali mtu mzima aliyeambukizwa kwa kawaida hukishinda mwenyewe. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linahimiza tangu mwaka 2009 kwamba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za uhai. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilisema kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani yalikuwa Afrika, na kwamba ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hii waliopata dozi hiyo ya siku ya kwanza. Kila Mganga Mkuu wa Wilaya katika Simiyu, na kila mwenzake wa Unguja na Pemba, aulizwe swali moja tu katika kikao: mwezi uliopita wamezaliwa watoto wangapi wilayani mwako, na wangapi walichanjwa kabla mama zao hawajatoka zahanati? Ajibu kwa tarakimu.

Na kwa wale ambao kirusi kimo tayari, dawa ipo. Tenofovir, iliyomo katika vidonge wanavyopewa ndugu zetu wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, hukizuia pia kirusi cha homa ya ini. Vidonge hivyo vimefika vijijini kwa sababu umma uliamua vifike. Haitakuwa haki mwenye homa ya ini peke yake aambiwe asafiri hadi Bugando, Mwanza, kutafuta kitu ambacho jamaa yake yake huyo anakipata kwenye kituo cha jirani.

Kisababishi cha pili ni sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Dunia iliifahamu mwaka 1960, batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Sisi tumeifahamu kwa misiba ya watu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua 317 na kufa 125. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafa 20. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kila siku haugui wala hapigi kelele. Ini lake linaandika deni polepole.

Pikeni mnavyopika, moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Wala jicho halitoshi, hasa karanga zikishasagwa. Ipo tabia ambayo lazima tuitaje bila kuoneana haya: karanga nzuri huchaguliwa kwa ajili ya soko, na zile zilizonyauka na kubadilika rangi hubaki nyumbani, zikasagwa kuwa kiungo cha mboga ya watoto. Umaskini ndio unaochagua hapo, si ujinga.

Visababishi hivyo viwili vikikutana katika mwili mmoja havijumlishwi, vinazidishwa. Uchunguzi wa Shanghai uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mwenye sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini ipatayo mara 3 ya mtu asiye na lolote. Mwenye kirusi peke yake mara 7. Mwenye vyote viwili mara 59. Simiyu ni nchi ya mahindi na karanga, na kizazi chake cha watu wazima hakikuchanjwa. Hatuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo atufafanulie maana yake.

Lipo jingine ambalo takwimu hazilisemi. Mtu mwenye afya akivimba tumbo, macho yakawa manjano, akafa katika miezi miwili bila ugonjwa wake kutajwa jina, majirani humtafutia mchawi. Ukanda ule umeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za namna hiyo tangu enzi za mkoa wa Shinyanga na Mwanza wa zamani. Kipimo cha homa ya ini, ambacho huhitaji tone la damu na dakika chache, kinaweza kumkinga hata ajuza wa nyumba ya pili.

Sasa tunarudi kwa wapangaji wa fedha. Mashine ya upasuaji hufunguliwa kwa utepe na hotuba. Kichanja cha kukaushia karanga hakina mgeni rasmi. Tunahofia kwamba tofauti hii ndogo inaathiri bajeti kuliko inavyokiriwa. Wapasuaji wetu wapewe elimu na vifaa, kwa kuwa wapo wanaowahitaji na watazidi. Lakini maadamu fungu ni dogo, lianze pale linapookoa wengi: chanjo ya saa 24, kipimo kwa kila mjamzito, vidonge katika kituo cha karibu, na nafaka kavu.

Kuhusu nafaka, njia zimekwisha julikana. Mahindi yasiwekwe ghalani kabla unyevu haujashuka chini ya asilimia 13.5. Karanga zianikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Vyama vya ushirika vya Simiyu vina mizani ya pamba na makarani wa kuisoma. Kuwaongezea kipima unyevu na wiki moja ya mafunzo si mapinduzi ya viwanda. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Waliochimba vyoo kwa kusikiliza redio hawashindwi kutandaza turubai. Viwanja vya Nyakabindi, ambako Nane Nane ya Taifa ilifanyika mwaka 2018 na 2019, vipo hapo hapo Bariadi, na wakulima wanavijua.

Turubai hizo zinatakiwa zifike kabla karanga za msimu ujao hazijang'olewa. Bei ya moja mweka hazina wa Halmashauri anaifahamu.