Jina si Ushahidi wa Asili: Tafakuri Kuhusu Neno "Mswahili"

Katika mijadala ya asili ya Kiswahili, iwe madarasani au katika makongamano yetu, kuna hoja moja isiyokosa kurejelewa. Hoja hiyo hushikilia kwamba kwa kuwa neno "Kiswahili" limetokana na neno la Kiarabu sahil, yaani pwani, ambalo wingi wake ni sawahil, basi lugha yenyewe ina asili ya Kiarabu. Hoja hii ina pacha wake. Huyu naye hudai kwamba kwa kuwa neno hilo hutaja mahali tu, hakuna watu wanaostahili kuitwa Waswahili. Kwamba Mswahili ni mtu yeyote akaaye pwani, na jamii yenye jina hilo haipo. Makala haya yanapinga hoja zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba jina la watu au la lugha linapotokana na jina la mahali, hutueleza watu hao walijulikana kwa makao gani, na aghalabu walijulikana hivyo na nani. Halituelezi walizaliwa na nani.

Tuanze na mofolojia, kwani huko ndiko kwenye ushahidi ulio wazi. Kiswahili huchukua jina la mahali na kulipachika viambishi vya ngeli: M- na Wa- kwa watu, Ki- kwa lugha na desturi. Kutokana na Amu tunapata Waamu na Kiamu; kutokana na Pate, Wapate na Kipate; kutokana na Pemba, Wapemba na Kipemba; kutokana na Mvita, jina la kale la Mombasa, tunapata Wamvita na Kimvita. Takriban orodha nzima ya lahaja tunazozisoma ni ramani ya pwani: Kitumbatu cha kisiwa cha Tumbatu, Kivumba cha Vumba, Kijomvu cha Jomvu, Kimrima cha Mrima. Hata Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, hubeba ndani yake "nti kuu", yaani nchi kuu, bara inayokabiliana na visiwa. Barawa nako, katika Somalia ya leo, lahaja ya Kiswahili huitwa Chimiini, kutokana na Miini, jina ambalo wenyeji huuita mji wao.

Hata hivyo, si kila jina hufuata njia hiyo. Kuna njia ya pili inayokwenda kinyume, kutoka kwa watu hadi kwenye nchi, nayo hutumia kiambishi U-. Kutokana na Wakamba tunapata Ukambani. Kutokana na Wagogo, Ugogo. Kutokana na Waganda, Uganda. Msomaji anayetaka kuzitofautisha njia hizi mbili na aiangalie U- yenyewe. Katika Uganda huondoka mara tunapomtaja mtu au lugha: Mganda, Kiganda. Katika Unguja haiondoki: Waunguja, Kiunguja. U- ya kwanza ni kiambishi kilichopachikwa kwenye jina la watu. Ya pili ni sehemu ya jina la kisiwa. Tofauti hii si jambo dogo. Umbo la Kiswahili la jina la Buganda ndilo Waingereza walilolipa himaya yao iliyotangazwa mwaka wa 1894 na kupanuliwa baadaye, na ndiyo maana Mwacholi leo ni raia wa nchi iliyoitwa kwa jina la jirani yake. Je, kuna yeyote anayesema kwamba kwa sababu hiyo Waacholi wametokana na Waganda?

Neno "Mswahili" limepita njia zote mbili. Sawahil ni mahali. Kutokana na mahali tukapata Mswahili, Waswahili na Kiswahili. Kisha kutokana na watu tukapata Uswahili na Uswahilini. Lilipoingia katika lugha yetu, neno hili liliuacha wingi wake wa Kiarabu na kuvalishwa ngeli za Kibantu kama lilivyovalishwa jina Amu au Pate. Ibn Battuta, aliyeizuru Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alilitumia neno sawahil kwa maana ya nchi. Alikuwa msafiri akitaja alikopita kwa lugha yake mwenyewe, kama mabaharia wote wafanyavyo. Wenyeji, kwa upande wao, kwa muda mrefu walijitaja kwa miji yao: huyu Mwamu, yule Mpate.

Ushahidi ulio bora zaidi wa jambo hili uko Mombasa kwenyewe. Waswahili wa mji huo wamejigawa kwa karne kadhaa katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyo katika makundi mawili. Thalatha Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Msomaji ataona mara moja kwamba mengi ya majina haya ni majina ya miji. Ataona pia kwamba wengi wa watu hao hawakai tena katika miji hiyo. Wakilifi na Wamtwapa hawa ni wa Mombasa, na mji wa Shaka, uliokuwa kaskazini ya mlango wa mto Tana, leo ni magofu. Mji umekufa lakini Mshaka yupo, ana ukoo, ana mtaa na ana makaburi ya wazee wake. Jina la mahali limegeuka kuwa jina la nasaba. Basi anayesema kwamba jina litokanalo na mahali haliwezi kuwa jina la jamii na atueleze Washaka ni nani.

Tuwatazame sasa majirani wa Waswahili. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma hujulikana leo kama Wamijikenda. Jina hilo, ambalo lilienea kuanzia miaka ya 1940, maana yake ni miji tisa, nayo miji hiyo ni zile kaya zao ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Kabla ya hapo waliitwa Wanyika, watu wa nyika. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na baadaye kufanya makao yake Rabai, aliwaandika kwa jina hilo. Majina yote mawili yametokana na mahali, lakini la kwanza lilitolewa na waliokuwa mjini wakitazama nje, nalo lilikuwa na dharau. La pili walijipa wenyewe. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kutaja.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa isimu hawana budi kulizingatia. Mombasa kuna Tisa Taifa, na ng'ambo ya maji kuna Mijikenda. "Tisa" ni neno la Kiarabu, ilhali "kenda" ni neno la Kibantu ambalo Waswahili nao walikuwa nalo na wangali nalo katika tungo zao. Jamii mbili jirani, zenye lugha za kundi moja, zilijihesabu tisa: moja ikahesabu kwa neno la kukopa na nyingine kwa neno la kurithi. Iwapo kukopa neno ni kubadili asili, basi tuseme kwamba anayehesabu hadi tano ni Mbantu na akifika sita huwa Mwarabu! Upuuzi wa kauli hiyo ndio upuuzi wa hoja nzima ya jina.

Mifano ya nje ya pwani nayo ni mingi. Katika Kisukuma, sukuma ni upande wa kaskazini. Msukuma basi ni mtu wa kaskazini, jina ambalo lina maana tu kwa anayemtazama kutoka kusini. Eneo la Sahel, lililo kusini ya jangwa la Sahara, limepata jina lake kutokana na neno lile lile sahil, lakini hatujasikia Kihausa kikiitwa Kiarabu kwa sababu hiyo. Afrika ni jina ambalo Warumi walilipa jimbo lao katika sehemu za Tunisia ya leo. Wataalamu wa isimu nao, walipotafuta jina la kundi linalokusanya Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, waliliita Sabaki, jina la mto unaomiminika baharini karibu na Malindi. Sisi wenyewe ni Wakenya kwa sababu koloni ilipewa jina la mlima mwaka wa 1920. Iwapo majina haya ni hati za kuzaliwa, basi Mwafrika ni Mrumi na Mkenya ni jiwe.

Huenda msomaji akauliza: je, jina halina uzito wowote? Lina uzito mkubwa, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Katika enzi ya ukoloni, serikali iliwagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ulihusu kodi, uwakilishi na hadhi mbele ya sheria. Katika hali hiyo, kuitwa Mswahili au kuitwa Mwarabu hakukuwa suala la etimolojia bali la maisha. Hata baada ya uhuru Waswahili wameendelea kuambiwa kwamba wao si kabila, na neno "uswahili" limefanywa mitaani kuwa kisawe cha hila na maneno mengi. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani kwamba "Waswahili hawapo kwa kuwa neno hilo lina maana ya pwani" huenda asijue kwamba anairudia hukumu iliyowahi kuwanyima watu nafasi yao.

Sisemi kwamba swali la Mswahili ni nani lina jibu jepesi. Nasema tu kwamba jibu lake halimo katika kamusi ya Kiarabu. Anayetaka kujua asili ya lugha na atazame ngeli zake, upatanisho wa kisarufi, mnyambuliko wa vitenzi, na jinsi sauti zake zinavyolingana na zile za lugha za Sabaki. Anayetaka kujua watu na aulize historia ya miji, ndoa, koo na mila zao, na awaulize watu hao wenyewe. Jina litumike kwa kazi linayoiweza: kutuonyesha nani alikutana na nani, na wapi.

Kwa hivyo natoa rai kwa wahadhiri wetu na kwa wanachama wenzangu. Hoja ya jina iendelee kufundishwa, lakini ifundishwe kama mfano wa hoja dhaifu, si kama nadharia iliyo sawa na nyingine. Pia kila mmoja wetu aende kwao, akusanye majina ya vijiji, vilima na mito, na achunguze ni yapi yaliyozaa majina ya watu na ni yapi yaliyozaliwa nayo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji masikio na daftari. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatuongojei milele.