Nguvu ya haraka mu kopo: nani anapata faida?

Hapa Kamina, karibu na gare ao mu vibanda vya njia ya karieri, makopo ya vinywaji vya nguvu yanapangwa pembeni ya sigara na vocha za simu. Mchimbaji ananunua moja asubuhi mbele ya kushuka mu shimo, pengine bila kula kitu. Wanamwambia: hii inaingia mu damu mbio. Tumetaka kupima neno hilo, maana feza inayotoka ni ya bukari ya watoto.

Tuanze na watu wanaolipwa kwa kukimbia. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alimaliza kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Njiani alikuwa anakunywa kinywaji cha Maurten, kampuni ya Uswidi. Ndani mna nini? Sukari ya aina mbili, glukosi na fruktosi, chumvi kidogo, na kitu kinachotoka mu majani ya bahari, kinachoganda tumboni ili tumbo lisisumbuke. Watafiti wengi waliolinganisha kinywaji hicho na sukari ya kawaida hawakuona tofauti kubwa mu mbio.

Siri yenyewe iko mu utumbo. Glukosi ina mlango wake, na mlango ule unafunguka chumvi ikiwa pamoja. Unapitisha karibu gramu 60 kwa saa; ukiongeza, inabaki inangoja. Fruktosi inapita mlango mwingine, njo maana mkimbiaji aliyezoea anafika gramu 90. Maji nayo yanafuata sukari na chumvi.

Watu wa Bukama na Malemba-Nkulu wanaujua mlango huo siku nyingi: njo ule wa serumu ya kunywa, ya kolera. Robert Crane aliueleza mu 1960, na kule Dhaka mu 1968 serumu ikaanza kuokoa wagonjwa. Lita 1 ina gramu 13,5 za glukosi na gramu 2,6 za chumvi. Kama sashe hakuna: vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mu lita 1 ya maji safi.

Sasa angalia kopo. Lina karibu gramu 11 za sukari kwa mililita 100, mara 8 ya serumu. Maji mazito vile yanachelewa kutoka tumboni, na utumbo unavuta kwanza maji ya mwili. Kwa mtu aliyelowa jasho shimoni, ni kinyume cha haraka. Kinachoingia upesi ni kafeini, karibu miligramu 80 mu kopo la mililita 250. Kafeini si chakula. Inaficha uchovu tu. Wakimbiaji wanaitumia pia, kweli, lakini wamelala, wamekula, na muganga yuko pembeni.

Tramadol tusiiweke hata mu kundi moja na vinywaji. Tangu tarehe 1 Januari 2024 shirika la dunia linalopinga dawa mu michezo limeikataza siku ya mashindano. Wanariadha wanakatazwa, na huku kuna wanaoimeza mbele ya kushika nyundo!

Kwa maoni yetu, swali ni la feza. PDG wa shimo akitoa makopo kwa deni na kukata ku mauzo, anapata masaa ya kazi. Mchimbaji anabaki na deni na kiu. Kooperative, na SAEMAPE yenye kazi ya kusaidia wachimbaji wa mikono, waanze kuuliza maji safi yako wapi ku karieri. Sukari ya kopo moja inatosha lita 1 ya maji ya sukari na chumvi. Bidon ya lita 20, kwa ekipe nzima, inaomba karibu nusu kilo ya sukari na vijiko vidogo 10 vya chumvi.