Utepe wa Dhahabu wa Stanford

Wimbi huinua ngalawa, likishapita huishusha pale pale. Elektroni iliyo ndani ya ombwe hufanyiwa hivyo hivyo na leza. Haiwezi kuufikia mwanga kwa kasi, kwa hiyo kila wimbi huipita, na inachopewa na nusu ya kwanza ya wimbi hunyang'anywa na nusu ya pili. Wanafizikia huiita hali hii kanuni ya Lawson na Woodward.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walimfungia mlango huyo mnyang'anyi. Waliweka utepe mwembamba wa plastiki, uliopakwa dhahabu, ukakatiza njia. Mwanga ukagonga dhahabu, ukageuzwa. Elektroni zikapenya, zikaenda zao. Ziliingia na nishati ya elektroni-volti milioni 30, na leza ikazibadilishia kama elfu 30 hivi: nyingine ziliongezewa, nyingine zikapunguziwa, kulingana na sehemu ya wimbi ziliyokutana nayo.

Ni sehemu moja ya elfu. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini alipie kazi kama hiyo, hasa akisikia kwamba mwaka 2019, huko Berkeley, leza ilizisukuma elektroni ndani ya plazima, yaani gesi iliyovunjwa kuwa ioni na elektroni, hadi elektroni-volti bilioni 7.8 kwa sentimita 20 tu. Kwa rekodi, ombwe limeshindwa vibaya.

Lakini kipimo hicho kinatupotosha. Sentimita 20 ni za mrija wa plazima. Leza yenyewe imejaza chumba kizima. Tena plazima hutikisika, na pigo moja la leza si lazima lifanane na lililotangulia. Ndani ya ombwe hakuna cha kutikisika. Matokeo yakienda kombo, mkosaji unamwona.

Na wazo la utepe, la kutumia kitu kigumu kumzuia mnyang'anyi, halikufia Stanford. Mwaka 2013, karibu na hapo, katika maabara ya SLAC, elektroni zilipitishwa kwenye mfereji wa ombwe mwembamba kuliko unywele, kati ya vioo vilivyochongwa mifuo. Mwaka 2023, huko Erlangen, Ujerumani, mfereji wenye urefu wa nusu milimita uliziongezea elektroni za mwendo mdogo asilimia 43 ya nishati yake.

Mfadhili aliyedai rekodi mwaka 2005 angeikata bajeti ya utepe ule. Nataka wanaogawa fedha za leza kubwa leo watenge fungu la majaribio ya ombwe, na wasiliguse kila rekodi mpya ya plazima inapotangazwa.